Heko kwa Wachora Katuni

Gazeti linalosomwa kituo cha magari Mwatate hupita mikononi mwa watu wengi, na kabla ya habari, jicho hutua kwenye katuni. Nawapongeza wachoraji wake kwa sababu wamempa raia wa kawaida haki ya kumtazama mkubwa usoni. Kazi hii ina mizizi mirefu: mwaka 1869 gazeti la Vanity Fair la London lilianza kuchapa picha za rangi za wanasiasa, kichwa kikubwa, mwili mdogo, Disraeli akiwa wa kwanza. Kwetu Kenya ilichukua muda. Kumchora rais waziwazi lilikuwa jambo la kuogopwa hadi vyama vingi viliporudi, na Gado, Mtanzania Godfrey Mwampembwa, alijiunga na gazeti la Nation mwaka 1992. Baadaye alimchora Uhuru Kenyatta akiburura tufe la chuma lililofungwa mguuni kwa mnyororo, alama ya kesi iliyomkabili katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Hague. Mstari mmoja wa wino ulibeba kile ambacho tahariri ingehitaji safu nzima kukieleza, tena asiyejua Kiingereza akaelewa.

Wapo wanaosema huku ni kumvunjia mkubwa heshima. Hoja hiyo ina uzito, maana sisi tumelelewa kuwastahi wazee. Lakini mzee wa nyumbani hatumii kodi yetu; kiongozi anaitumia, na heshima anayostahili haimwondolei wajibu wa kutoa hesabu. Mchoraji anayedhihaki kabila au ulemavu amekosea. Anayechora matendo ya ofisini anastahili kulindwa; hata hivyo, mkataba wa Gado na Nation haukuongezwa mwaka 2016. Wahariri, waacheni wachore.