Sikio la Mchekeshaji

Athi River, nchini Kenya, ni mji wa kelele. Malori yanapiga foleni kuelekea mizani ya Mlolongo, viwanda vya saruji na vyuma havilali, na zamu ya eneo la viwanda la EPZ inapotoka, barabara hujaa wafanyakazi wa viwanda vya nguo wanaopiga soga hadi nyumbani. Kurekodi video mahali kama hapa ni kibarua. Maiki ya simu haichagui, inameza honi ya lori sawasawa na utani. Kijana anayetaka kuchekesha watu mtandaoni hulazimika kuamka kabla ya mji kuchangamka, au ajifungie chumbani na kutundika blanketi dirishani.

Mtazamaji haoni lolote kati ya hayo. Anaona mama aliyejifunga leso kiunoni akimfokea mwanawe kwa kusahau kutoa nyama kwenye friji. Anacheka, anaituma video hiyo kwenye kundi la familia, anaendelea na shughuli zake. Sekunde hamsini zimekwisha.

Sekunde hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu. Mara nyingi mama na mwana ni mtu mmoja. Mchekeshaji anaegemeza simu kwenye stendi, anafunga leso, anatazama upande wa kushoto na kusema maneno yote ya mama tangu mwanzo hadi mwisho, akiacha mapengo ya majibu. Kisha anavua leso, anavaa fulana, anahamia upande wa pili na kutazama kulia, juu kidogo, kwa sababu mwana ni mfupi. Akikosea pa kutupa macho, wale wawili waliokuwa wakigombana wanabaki kuwa mtu mmoja anayeongea peke yake. Baada ya hapo anafungua programu ya kuhariri na kuanza kukata. Anaondoa pumzi, kukohoa, na lile neno la ziada alilodhani ni tamu. Mama akinyamaza kitambo kifupi kabla ya kugeuka, mtazamaji anacheka hata kabla hajasikia kitu. Kimya hicho kikizidi kidogo tu, amepitisha kidole na kwenda zake.

Kidole hicho ni hakimu asiye na huruma. Aliyelipa kiingilio ukumbini atamvumilia mchekeshaji anayeanza kwa kusuasua, kwa kuwa kiti chake ameshakilipia. Mwenye simu hadaiwi subira yoyote. Programu ya video fupi ya Vine, iliyoanza mwaka 2013 na kufa miaka michache baadaye, iliwapa watu sekunde 6 tu, na kizazi kizima kikajifunza humo kwamba kicheko kinaweza kujengwa na kukamilika ndani ya pumzi moja. TikTok iliruhusu dakika 3 mwaka 2021 na dakika 10 mwaka 2022, lakini mafundi wazuri bado wanaandika kana kwamba wamepewa sekunde chache. Wanajua kwamba muda ukiongezwa, uvivu nao huongezeka.

Kenya ilikuwa na mabingwa kabla ya simu. Kwa miongo kadhaa familia zilikaa mbele ya televisheni ya taifa kumtazama Mzee Ojwang' na Mama Kayai katika kipindi cha Vitimbi. Mzee Ojwang' aliongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kiluo iliyokolea kiasi kwamba wengi walishangaa kujua kwamba Benson Wanjau, aliyemwigiza kwa miaka mingi na kufariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ya namna hiyo haipatikani kwa kubana pua. Inataka mtu akae na watu, asikie wanavyopanda na kushuka wakikasirika, wanavyovuta neno wakiomba, wanavyolimeza wakiona haya. Waluo walimpenda kwa sababu walijisikia ndani yake. Daniel Ndambuki, maarufu kama Churchill, alifanya jambo hilohilo akiwa upande wa pili wa mlango: alichukua lafudhi ya Kikamba, lugha ya watu wake, akamuumba Mwalimu King'ang'i wa redioni. Ukambani, ambako Athi River ipo, watu walimcheka kama wanavyomcheka mjomba wao.

Kwa hiyo swali la nani ana haki ya kumcheka nani halijibiwi na kitambulisho. Linajibiwa na sikio. Mchekeshaji aliyesikiliza vizuri hutambulika mara moja, hata awe amezaliwa wapi, na yule aliyeokota lafudhi juu juu hutambulika haraka zaidi.

Mfano mzuri wa sikio hilo uko mbali na hapa. Alex Edelman ni mchekeshaji Myahudi aliyezaliwa mwaka 1989 na kulelewa Boston katika familia inayoshika dini. Wachukia Wayahudi walipomwandama kwenye Twitter, hakuishia kuwafungia mlango. Alipoona humohumo tangazo la mkutano wa wazungu wenye siasa za ubaguzi katika mtaa wa Queens, New York, alikwenda akaketi kati yao na kusikiliza, hadi wakamshtukia. Kutokana na jioni hiyo alitunga onyesho liitwalo Just for Us. Alilirudia na kulinoa kwa miaka, likafika kwenye majukwaa ya Broadway mwaka 2023 na televisheni ya HBO mwaka 2024. Nguvu yake iko katika jinsi alivyowasikia watu wale kwa makini: malalamiko yao madogo, adabu zao za ajabu, haja yake mwenyewe ya kutaka wampende. Anawacheka bila kuwageuza vinyago, na anajicheka yeye kabla hajawafikia wao.

Nyuma yake kuna shule ndefu. Watoto wa wahamiaji Wayahudi waliofika New York kutoka Ulaya ya Mashariki walijifunzia kazi hii katika hoteli za milima ya Catskills, ambako Mel Brooks alianza akiwa kijana kwa kuwachangamsha wageni waliokuja kupumzika. Hadhira ilikuwa ileile wiki nzima, hivyo mzaha wa jana haukuuzika leo. Kijana wa Kenya anayeposti kila siku kwa wafuasi walewale yuko katika darasa hilohilo, ila hoteli yake ni skrini.

Na vijana wa Kenya wamefaulu. Crazy Kennar alianza akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT kule Juja, akicheza akina mama, walimu na majirani. Njugush, aliyejulikana kwanza kwenye kipindi cha The Real Househelps of Kawangware, amezigeuza kero za ndoa kuwa mchezo pamoja na mkewe Wakavinye, mtandaoni na jukwaani. Elsa Majimbo mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani, alihitaji simu, miwani midogo ya jua na pakiti ya krispi tu. Mlio wa krispi mdomoni ulifanya kazi ya ngoma, ukikata sentensi pale hasa palipotakiwa kukatwa. Mwaka huohuo alipata tuzo ya People's Choice ya nyota wa Afrika wa mitandao ya kijamii.

Athi River ina kila kitu ambacho fundi wa namna hii anahitaji. Mkamba, Mmaasai, Mkikuyu, Mluo na Msomali wanagombania kiti kimoja cha matatu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Daystar wanakutana na madereva wa malori ya masafa marefu kwenye kibanda kimoja cha chapati. Hapo pana lafudhi nyingi kuliko darasa lolote la isimu, na hazilipiwi ada.

Serikali nayo imekwisha kuitambua kazi hii kwa namna yake: Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya mtandaoni. Mwaka 2024 kampuni ya Meta ilitangaza kwamba Wakenya watalipwa kutokana na matangazo kwenye video zao za Facebook. Anayelipa kodi kwa kazi yake ni mfanyakazi, na wazazi wanaomwambia kijana aache mchezo atafute kazi wangefaa kwanza kukaa naye usiku mmoja anapohariri.

Kaunti ya Machakos iliwahi kuzindua mpango wa filamu uitwao Machawood. Wachekeshaji wa Athi River hawadai makubwa kiasi hicho. Chumba kimoja chenye kuta nene, mwanga na intaneti ya uhakika, katika ukumbi wowote wa kijamii unaokaa mtupu siku za kazi, kingewaondolea zile honi za malori. Nawe msomaji, una sehemu yako. Video za vijana hawa hupakuliwa, jina likakatwa, zikazunguka WhatsApp bila mwenyewe kuambulia hata mfuasi mmoja. Ukicheka, nenda kwenye ukurasa wake uitazame huko hadi mwisho, na ukiituma, itume na jina lake.