Kosa Lina Mahali Lilipozaliwa

Risasi kumi na mbili zimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Kwa macho hazina dosari: shaba inang'aa, vichwa vimesimama wima, urefu unaelekea kulingana. Hata hivyo zote zimegoma kuingia sawasawa kwenye bastola ya kijana aliyezijaza, naye amezileta kwenye gereji ya jirani yake, mkereza vyuma mstaafu katika jimbo la Arizona, Marekani. Mzee haigusi mashine ya kujazia risasi. Anavaa miwani, anawasha taa ya mezani, anavuta kiti.

Nchini humo sheria ya shirikisho inamruhusu mtu kujijazia risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni. Leseni inadaiwa pale anapotaka kuziuza. Miongoni mwa wanaoifanya kazi hii ni walenga shabaha wa mashindano, watu wanaopiga risasi nyingi na wanaotaka kila moja ifanane na mwenzake. Ganda lililofyatuliwa halitupwi. Ni mchanganyiko wa shaba, sehemu 70, na zinki, sehemu 30. Linatanuka kwa msukumo wa gesi ya mlipuko, linarudi kidogo, na linaweza kujazwa tena mara nyingi kabla ya kupasuka. Anayelijaza hurudisha vitu vitatu: fataki kitakoni, baruti tumboni, kichwa mdomoni. Kila kimoja kina hatua yake, na kila hatua ina namna yake ya kuharibika.

Risasi za kijana ni za milimita 9, aina iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Mzee anaifungua bastola, anahakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, ndipo anautoa mtutu na kuusimamisha mkononi, chemba ikitazama juu. Anadondosha risasi ya kwanza. Risasi njema huzama kwa uzito wake na kugonga chuma kwa mlio mfupi, mkavu. Huzunguka ikisukumwa na ncha ya kidole, na mtutu ukipinduliwa hutoka yenyewe. Hii inazama nusu na kunasa. Anajaribu zote kumi na mbili, moja baada ya moja, ingawa jibu la kwanza lingemtosha mtu mwenye haraka.

Sasa anachukua kalamu ya wino mzito na kuipaka risasi moja rangi nyeusi kuanzia kichwani hadi karibu na kitako. Anaisubiri ikauke, anaisukuma taratibu ndani ya chemba, anaizungusha kidogo, anaitoa. Mahali wino ulipokwanguka ndipo chuma kilipokutana na chuma. Ukikwanguka kwenye kichwa, risasi ni ndefu mno na inagusa mifereji ya mtutu. Ukikwanguka kwenye mdomo wa ganda, mdomo ulipanuliwa na haukurudishwa. Ukikwanguka karibu na kitako, ganda halikubanwa hadi chini. Ukikwanguka upande mmoja tu wa tumbo, kichwa kiliingia kimeinama na kulivimbisha ganda kutoka ndani.

Tisa zimekwanguka mdomoni. Tatu zimekwanguka upande mmoja wa tumbo. Mzee anazitenga katika mafungu mawili. Kijana alikuja akidhani ana tatizo moja. Kumbe ana mawili, na yanafanana kwa nje tu.

Ndipo mzee anapoigeukia mashine, nayo anaianza mwanzo kabisa. Maganda yaliyosafishwa kwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa anayatazama moja moja: yenye ufa mdomoni yanakwenda kwenye kopo la chakavu. Yenye duara lililogandamizwa kuzunguka tundu la fataki, alama ya maganda mengi ya kijeshi, anayaweka kando, kwa sababu tundu hilo lazima likwanguliwe kwanza, la sivyo fataki mpya haitaketi. Ganda zima analiingiza kwenye kalibu yenye pete ngumu ya kabaidi, anavuta mkono wa mashine hadi mwisho, na linatoka limebanwa. Pini iliyo katikati ya kalibu imeisukuma nje fataki kuukuu kwa mvuto huo huo.

Fataki mpya anaiketisha kwa kusikilizia. Mkono unashuka, unakutana na ukinzani mdogo, kisha sakafu ya tundu. Anapitisha kidole juu ya kitako: fataki inatakiwa iwe chini kidogo ya usawa wa shaba, isijitokeze. Fataki iliyojitokeza humsumbua anayeanza kwa njia ya ajabu. Anafyatua, hailipuki, anafyatua mara ya pili, inalipuka. Pini ya bastola ilitumia pigo la kwanza kumaliza kazi ambayo mkono haukuimaliza. Wengi hulaumu fataki. Mzee hulaumu kidole ambacho hakikupita.

Hatua ya kupanua mdomo ndiyo aliyoisubiri. Kalibu ya pili inaufungua mdomo wa ganda kiasi kidogo mno, ili kichwa kisimame chenyewe bila kushikwa. Ukipanua pungufu, ukingo wa ganda unakwangua kichwa kinapoingia, kinaketi upande, na tumbo linavimba: hilo ndilo fungu la zile tatu. Ukizidisha, shaba inachoka na kupasuka baada ya kujazwa mara chache. Mzee anaweka kichwa juu ya ganda moja la kijana. Kinayumba. Anaishusha kalibu kwa sehemu ndogo ya mzunguko, anapanua ganda jingine, anaweka kichwa tena. Kinasimama.

Baruti anaiendea bila kuzungumza. Mezani pana kopo moja tu la baruti, lenye jina lake, na kitabu cha vipimo kimefunguliwa kwenye ukurasa wake; kazi huanzia kipimo cha chini, wala si cha juu. Mizani anairudisha kwenye sifuri na kuijaribu kwa jiwe la uzito unaojulikana. Kizio ni greni, na greni 7,000 ndizo ratili moja, hivyo tofauti ndogo isiyoonekana kwa jicho mizani inaiona. Maganda yanasimama kwenye kibao chenye matundu, na yakishajazwa mzee anashusha taa na kuchungulia kila moja. Anatafuta usawa. Baruti ya bastola ni kidogo, na baadhi ya maganda yanaweza kumeza vipimo viwili bila kufurika; vipimo viwili vinaweza kuipasua bastola. Ganda lisilo na baruti nalo lina hatari yake: fataki peke yake huweza kukisukuma kichwa ndani ya mtutu na kukiacha humo, na anayefyatua tena nyuma yake anajiumiza. Mlio ukiwa hafifu, mtu anasimama na kuukagua mtutu. Sheria hiyo mzee anaitamka mara mbili.

Kichwa kinaketishwa kwa kalibu ya tatu. Urefu wa risasi nzima ya aina hii hauruhusiwi kuzidi milimita 29.69, lakini umbo la kila kichwa lina urefu wake unaofaa, ambao kitabu huutaja. Mzee anapima kwa kalipa, anarekebisha, anapima tena. Kijana anauliza kwa nini asizisukume tu zile zinazonasa ziwe fupi. Mzee anatikisa kichwa. Nafasi iliyo nyuma ya kichwa ni ndogo, na ukiipunguza, msukumo wa gesi unapanda; kufupisha risasi bila sababu ni kulitibu kosa kwa kosa kubwa zaidi.

Imebaki hatua ya mwisho, yaani kurudisha mdomo ulipokuwa, na ndipo zile tisa zilipoharibikia. Kijana aliogopa kukaza, akauacha mdomo wazi. Wengine huogopa kinyume chake: hukaza kwa nguvu wakidhani ndivyo kichwa kinavyoshikwa. Kinachokishika kichwa ni mbano wa ukuta wa ganda. Ukikaza kupita kiasi, madini ya risasi yaliyomo ndani ya kichwa yanakubali kubonyea, shaba inarudi nyuma kidogo, na kichwa kinalegea. Zaidi ya hapo, risasi ya milimita 9 husimama chembani kwa ukingo wa mdomo wake, kwa hiyo ukingo huo hauwezi kukunjwa hadi upotee. Mzee anaizungusha kalibu kidogo, anakaza moja, anaidondosha mtutuni. Inanasa karibu na mwisho. Anazungusha tena kidogo. Inazama na kugonga. Anaibana kwa dole gumba dhidi ya meza, anaipima: urefu haujabadilika. Anaandika kwenye daftari tarehe, kichwa, baruti, urefu, na alichobadilisha. Kila mara alibadilisha kitu kimoja tu. Angebadilisha viwili kwa pamoja asingejua ni kipi kilichoponya.

Kijana ana mfuko mwingine nyumbani, risasi hamsini za siku ile ile, zilizoingia chembani bila shida. Anauliza kama hizo anaweza kuzitumia. Mzee anamuuliza swali moja: kabla ya kuketisha vichwa, aliichungulia baruti chini ya taa? Kijana anakaa kimya, kisha anakwenda kuzileta.

Kuna nyundo nyepesi yenye kichwa chenye uwazi, ya kuvunjia risasi. Risasi inafungwa ndani yake, nyundo inapigwa juu ya gogo, na kwa pigo la pili au la tatu kichwa kinachomoka. Kichwa kinawekwa kwenye sahani, ganda kwenye sanduku la maganda yenye fataki hai, baruti yenye mashaka kwenye kopo la kutupwa. Mzee anavunja moja, anampa kijana nyundo, anapokea, anampa tena. Zote hamsini, na zile kumi na mbili juu yake. Ilipofika jioni, kwenye gereji ile ilikuwa haijatoka risasi mpya hata moja ya kwenda nayo uwanjani, na kwenye daftari mzee aliiandika kuwa siku ya kazi kama nyingine.