Ruzuku, Ufadhili na Ubia: Uhakiki wa Istilahi za Fedha za Ushirikiano wa Vyuo Vikuu

Miongoni mwa nyanja ambazo istilahi zake zimeachwa zijiotee zenyewe kama magugu shambani, imo ile ya fedha za ushirikiano kati ya vyuo vikuu vyetu na vya nchi za nje. Fedha hizo si jambo la jana. Sweden ilianza kusaidia utafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1977. Norway ilianzisha mpango wake wa NUFU mwaka 1991, na baadaye ukafuata ule wa NORHED. Vyuo vya Ubelgiji vinavyosema Kidachi vilishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu miaka ya 1990 chini ya VLIR. Wamarekani nao walikuwa na chombo kilichoitwa Higher Education for Development, ambacho kiliendesha mashindano ya fedha za USAID kwa vyuo vilivyotaka kuungana na vyuo vya nchi nyingine. Utaratibu wa mipango mingi ya namna hii hufanana: mtoa fedha hutenga fungu, chombo cha kuliendesha hutoa tangazo, vyuo hutafutana na kuandika andiko, wahakiki hulipima, mkataba hutiwa sahihi, fedha huja kwa awamu, na taarifa hupelekwa. Kwa Kiingereza kila hatua ina jina lake. Kwa Kiswahili jina hutungwa na mfasiri siku ile anayolihitaji, na kesho yake mfasiri mwingine hutunga jingine.

Huenda msomaji akauliza yamhusu nini mambo haya mtu aandikaye kutoka Itumba, mahali pasipo na chuo kikuu. Jibu ni kwamba istilahi hukutana na wenyewe hapa. Itumba ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Ileje, karibu na mpaka wa Malawi. Mtafiti atokaye nje, baada ya kupata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, hupita mkoani, akafika wilayani, akapewa barua ya kumtambulisha kwa mtendaji wa kata na kwa mtendaji wa kijiji. Huko kijijini hutolewa fomu ya ridhaa, nayo huwa ya Kiswahili. Maneno yaliyofinyangwa katika ofisi ya Dar es Salaam au ya Gothenburg hapo ndipo yasomwapo kwa sauti mbele ya mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kindali, Kilambya au Kimalila.

Nimetaja Gothenburg kwa sababu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Gothenburg viliendesha, kwa fedha za Sweden, Mradi wa Lugha za Tanzania uliotuzalia mwaka 2009 Atlasi ya Lugha za Tanzania. Matunda yake yalipewa jina la Kiswahili, nasi twajivunia. Lakini karatasi za fedha za miradi ya namna hii, yaani tangazo, mkataba na taarifa, kwa desturi huandikwa kwa lugha ya mtoa fedha, na kile kinachotufikia kwa Kiswahili ni vipande vilivyofasiriwa kwa haraka. Vipande hivyo ndivyo nikusudiavyo kuvihakiki.

Tuanze na *ruzuku*, ambalo ndilo linaloelekea kushinda. Neno hili ni ndugu wa *riziki*. Mwenyezi Mungu ndiye aruzukuye, na anayeruzukiwa hana mkataba. Serikali ililichukua na kulipa kazi nyingi. Halmashauri hupata ruzuku kutoka Hazina. Vyama vya siasa hupata ruzuku. Shule za msingi hupata ruzuku ya uendeshaji. Mkulima wa mahindi wa Ileje analijua zaidi kwa mbolea: vocha za pembejeo zilizoanza kugawiwa katika Nyanda za Juu Kusini msimu wa 2008/2009, kisha mbolea ya ruzuku ya msimu wa 2022/2023. Kwake yeye ruzuku ni bei kupunguzwa. Kiingereza hutenga 'subsidy' na 'grant' kuwa vitu viwili. Sisi tumevitia katika chungu kimoja. Mtu akisoma kwamba chuo fulani kimepata 'ruzuku ya kuchunguza magonjwa ya mahindi', ana haki ya kungoja mahindi au dawa kwa bei nafuu, na asipoviona ana haki ya kudhani kwamba vimeliwa njiani.

Hata hivyo sishauri tulitupe. Limekwisha kukaa vinywani, na neno lililokaa vinywani halifukuzwi kwa waraka. Linalotakiwa ni kulifunga kwa kikamilisho kila linapotumika: *ruzuku ya bei*, *ruzuku ya uendeshaji*, *ruzuku ya utafiti*. Kuandika *ruzuku* peke yake katika fomu ya ridhaa ni kosa, na Baraza lingefanya vyema kulitamka hivyo waziwazi.

Jambo la *ufadhili* ni zito zaidi. Asili yake ni *fadhila*, yaani wema atendewao mtu bila kudai. Fadhila huzaa shukrani, na asiyeshukuru huitwa mtovu wa fadhila. Sasa mtoa fedha ameitwa *mfadhili* katika kila barua, ilhali alichokitoa hakikuwa fadhila bali malipo yenye masharti: yametajwa kazi, tarehe, hesabu na adhabu. Chuo kilichotia sahihi hakikufadhiliwa. Kimejifunga, na aliyeko upande wa pili amejifunga vilevile. Mkataba wa ruzuku aghalabu huwa na vifungu vya namna ya kuusitisha, na vya kulipa gharama zilizokwisha kuingiwa kabla ya kusitishwa. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipoifunga USAID na kukatiza miradi mingi duniani, magazeti yetu yaliandika kwamba *misaada* imesitishwa. Msaada ukisitishwa, nani atalalamika? Mwenye kutoa ana hiari ya kutotoa. Lakini mkataba ukikatizwa, lipo la kuuliza: kifungu gani kimetumika, na deni la kazi iliyokwisha kufanywa analipa nani? Swali hili waliliuliza Wamarekani wenyewe mahakamani, kwa kuwa lugha yao iliwaruhusu kuliuliza. Kwetu neno tulilolichagua lilikwisha kuziba njia.

Yafaa basi *ufadhili* libaki pale linapostahili: ufadhili wa masomo, ambapo mtu mwema au shirika humlipia mwanafunzi karo bila kumdai kitu. Kwa fedha za mkataba tuseme *mtoa ruzuku* na *mpokea ruzuku*. Maneno haya hayana utamu, nakubali. Uzuri wake ni kwamba hayamwinamishi mtu shingo.

Sasa tuingie katika *ubia*. Sheria ya mwaka 2010 kuhusu ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi imelipa neno hili makazi ya kisheria, na hata kabla ya hapo kila mfanyabiashara wa Tunduma alijua mbia ni nani: ni yule mwenye fungu katika faida na katika hasara. Waandishi wa maandiko ya vyuo wamelipenda kwa heshima yake. Wameandika 'ubia wa vyuo vikuu' pale ambapo, ukiufungua mkataba, chuo kimoja ndicho kilichotia sahihi na mtoa ruzuku, nacho kikakipa chuo cha pili sehemu ya fedha kwa mkataba mdogo, kwa kazi iliyokwisha kupangwa. Huyo wa pili si mbia, ila ni mtu aliyepewa kibarua, hata kama kibarua chenyewe ni cha kitaaluma.

Napendekeza kipimo kimoja tu. Siku mradi unapokwisha, gari ni la nani, kanda zilizorekodiwa ni za nani, na nani anaweza kuzichapisha bila kumwomba mwingine ruhusa? Mkataba ukijibu maswali hayo kwa kugawa mafungu, huo ni *ubia*. Usipojibu, au ukijibu kwamba vyote ni vya mmoja, basi tuuite *ushirikiano*, neno pana lisilodanganya. Wapo watakaosema *ushirikiano* latosha kwa yote na kwamba kutenga ni kujitafutia taabu. Sikubaliani nao. Neno lisilotenga humsaidia mwenye nguvu, maana yeye mkataba anao kabatini. Ama *ushirika*, ambalo limependekezwa pia, limekwisha kuchukuliwa na vyama vya wakulima na meza ya Bwana, tuliache huko. Vilevile *taasisi kiongozi* linaficha jambo. Chuo hicho hakiongozi kwa sababu ya hekima bali kwa sababu ndicho kinachoshika fedha. *Taasisi yenye mkataba* husema ukweli kwa maneno matatu.

Kuhusu *shindano* nitasema machache. Shindano tulijualo ni la ngoma, la mpira au la mashairi: washindani huonana, waamuzi huonekana, na watazamaji hujua nani kaonewa. Katika shindano la ruzuku waamuzi hufichwa na washindani hawajuani. Mchakato wenyewe hufanana zaidi na kuchuja: huanza maandiko mafupi, yakapunguzwa, kisha yaliyosalia huandikwa kwa ukamilifu. *Mchujo* ndilo jina lake. Lakini *ushindani* lina sifa moja ambayo nisingependa ipotee: linakiri waziwazi kwamba wako watakaokosa. Kwa hiyo tuseme *ruzuku ya ushindani*, kinyume cha *ruzuku ya mgao* inayotolewa kwa makubaliano bila kushindanisha, na *mchujo* liwe jina la hatua zenyewe. Ama andiko fupi la mwanzo, limeitwa *andiko dhana*, nomino mbili zilizogandamizwa bila kiunganishi kwa kufuata mpangilio wa Kiingereza. Kuna aliyependekeza *dokezo*. Neno zuri, lakini maofisini kwetu dokezo ni karatasi ya ndani impandiayo mkubwa ili atoe uamuzi. *Andiko la awali* linatosha.

Uhakiki wa maandiko hayo umeitwa *mapitio rika*. Hapa mfasiri alitazama kamusi, hakuwatazama watu. Majirani zetu wa Rungwe walikuwa na vijiji vya rika, ambavyo Monica Wilson alivieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951: vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, wakala pamoja, na kutetewa na wenzao ilikuwa ndiyo maana ya kuwa na wenzao. (Wilson mwenyewe alifanya utafiti ule katika miaka ya 1930 kwa fedha za taasisi ya London, jambo hili si geni kama tudhanivyo.) Rika, basi, ni wale ambao haifai wakuhukumu, kwa kuwa wamefungwa kukupendelea. Na mhakiki wa ruzuku huapishwa hasa juu ya hilo: aseme kama ana mgongano wa maslahi, na akiwa nao ajitoe. Neno lililochaguliwa linataja upendeleo pale ambapo utaratibu unaukataza. *Uhakiki wa wanafani* ungefaa zaidi.

Kuna istilahi nyingine mbili zinazosikitisha kwa sarufi yake. Ya kwanza ni *kujengewa uwezo*. Kitenzi kimetiwa kauli ya kutendea, kikatiwa na ya kutendwa, na anayejengewa daima ni sisi. Sijapata kuona andiko lisemalo kwamba chuo cha Ulaya kitajengewa uwezo wa kukijua Kindali, ingawa wazee wa Ileje ndio walimu wa somo hilo na hapana mwingine. Tuseme *kukuza uwezo*, na tutaje wa nani, na nani anamfundisha nani. Ya pili ni *walengwa*. Kinacholengwa ni ndege na shabaha. Mwenye kufaidika aitwe *mnufaika*, na kama hatafaidika, kama ilivyo kwa wengi wanaojaza hojaji, aitwe *mshiriki*.

Mtu aweza kusema kwamba haya ni makosa ya ofisini na yatasahihishwa ofisini. Sivyo. Imani Swilla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika juu ya maneno ambayo Kindali kimekopa, na Kiswahili ni mmoja wa wakopeshaji wake. Robert Botne wa Marekani alichapa mwaka 2008 sarufi ya Kindali kama kinavyosemwa upande wa Malawi. Lugha moja, kingo mbili za Mto Songwe. Istilahi tunayoiidhinisha kwa uzembe haiishii katika Kiswahili. Huingia katika Kindali kwa mlango wa ofisi ya kijiji, na huko hakuna baraza la kuirudisha.

Limebaki neno moja ambalo sijaona likipatiwa ufumbuzi, nalo ni lile fungu ambalo mpokea ruzuku hutakiwa kulitoa mwenyewe ili akubaliwe. Wameliita *mchango*. Lakini mchango kwetu ni wa harusi, wa msiba na wa darasa la shule: hutolewa na wengi kwa hiari, au kwa hiari inayosimamiwa na mtendaji. Hili si la hiari, na aghalabu si fedha taslimu bali ni saa za walimu, vyumba na magari ya chuo yaliyotiwa bei. *Fungu la mpokea* ndilo ninalolitumia kwa sasa. Mwenye neno bora zaidi alilete tulijadili, mradi lionyeshe kwamba chuo cha hapa kimelipa.

Itumba, Ileje