Televizyo yenye inaangalia mwenye nyumba

Tunazoea kusema siye njo tunaangalia televizyo. Kesi ya Vizio kule Marekani inaonyesha kinyume.

Kufuatana na mashtaka ya FTC na jimbo la New Jersey, tangu mwezi wa 2 mwaka 2014 televizyo za ile kompanyi zilikuwa zinatambua, sekunde kwa sekunde, picha yenye iko kwenye kioo, ikuwe ya stesheni, ya DVD ao ya intaneti. Habari zilitoka mu televizyo milioni 11, zikaunganishwa na umri, mapato na ndoa ya watu wa nyumba, kisha zikauzwa. Mu menyu, ile kazi iliitwa Smart Interactivity, na maelezo yalisema tu kwamba inaleta mapendekezo ya programu. Mutu gani angeelewa?

Mwaka 2017 kompanyi ilikubali kulipa dola milioni 2,2. Iliamriwa pia kufuta habari zilizokusanywa mbele ya tarehe 1/3/2016, na kuomba ruhusa ya wazi. Hiyo sehemu ya pili naiunga mkono. Lakini tupige hesabu ya faini: ni senti 20 kwa televizyo moja. Hiyo ni kama kodi ya soko: unalipa, unaendelea kuuza.

Siye tuliosoma agronomia, mbele ya kuchukua udongo mu shamba ya mutu, tunamuomba mwenye shamba na tunamuelezea tunaenda kupima nini. Kumuambia "nitakuletea ushauri wa mbegu", kisha kubeba udongo wake na kuuza majibu kwa jirani, hiyo si ruhusa.

Wengine watasema: ni mambo ya wazungu, siye shida yetu ni umeme. Lakini televizyo za namna hiyo ziko mu maduka yetu, na hapa mega tunanunua wenyewe. Donc chombo kinaweza kutuma habari zako kwa makuta yako.

Sheria ya Numeriki ya 13/3/2023 inagusa ulinzi wa habari za mutu hapa Kongo. Ni vizuri, lakini sheria haitasoma menyu kwa nafasi yako. Mbele ya kutia kodi ya wifi, pitia kwanza mu parameta, zima ile kazi ya kutambua picha. Kama huoni mahali pa kuizima, usiiunganishe: televizyo yenye haina intaneti haina njia ya kutuma kitu.