Jeki Ndefu ya Mulanda

Fundi wa ua wa seng'enge hajulikani kwa kukaza. Yeyote mwenye mabega na ukaidi atakaza mpaka waya ulie. Fundi anajulikana saa ya kulegeza, waya ukishapigiliwa kwenye nguzo na jeki ikawa haina budi kutoka, hali nguvu yote iliyokusanywa kidogo kidogo ingali imejaa ndani ya chuma. Huku Mulanda, magharibi ya mji wa Tororo, wakazaji hawahesabiki. Wanaojua kuachia ni wachache, na sifa ninazoziandika hapa ni zao pamoja na chombo chao.

Chombo chenyewe hakina urembo. Mti wake ni chuma bapa kilichotobolewa matundu kutoka chini hadi juu. Kichwa chenye pua kinaparamia mti huo kwa kusukumwa na mpini mrefu wa bomba. Chini kuna kikanyagio kidogo, kidogo mno kwa udongo wetu. Kipimo kilichozoeleka ni inchi 48, yaani sentimita 122, na uzito unakaribia kilo 13, mzigo ambao mtu huufunga kwenye fremu ya baiskeli, akaweka roli ya waya nyuma, akaenda zake Iyolwa au Rubongi kutafuta kibarua.

Watu wa safari za porini nchini Kenya huiita jeki ya Tanganyika. Tanganyika haikuitengeneza. Ilitoka Bloomfield, mji mdogo wa jimbo la Indiana huko Marekani, kwa Philip John Harrah, na jeki ya namna hii imetengenezwa huko tangu 1905. Mwaka 1874 Joseph Glidden wa Illinois alikuwa amepata hataza ya seng'enge yake, na mashamba ya nchi ile yakazungushiwa miiba ya chuma kwa kasi. Waya ukataka kuvutwa, nguzo zilizooza zikataka kung'olewa, mikokoteni iliyozama ikataka kunyanyuliwa. Anayeiona jeki hii imefungwa nyuma ya Land Rover ya watalii akadhani ni kifaa cha gari ameigeuza historia: Ford alitoa Model T yake 1908. Jeki ilizaliwa shambani, gari la kila mtu likaikuta.

Sifa yake kubwa imo ndani ya kile kichwa. Mna pini mbili, kila moja na springi yake. Ukikandamiza mpini, pini moja inabeba mzigo wote huku mwenzake inachomoka, inapanda, inajitumbukiza kwenye tundu la juu. Ukiinua mpini, zinabadilishana. Mlio ni mmoja kwenda na mmoja kurudi, mkavu, na mtu aliyekaa na fundi siku nzima huweza kujua akiwa mbali kama kazi inakwenda au kuna pini iliyoshiba matope. Kati ya mlio na mlio hakuna nukta ambayo mzigo umeachwa bila mshikaji. Ukichoka, unapumzika. Ukitaka kufuta jasho, unafuta. Ulichokwisha kukipata hakirudi nyuma wakati unatafuta kipya. Jeki ya kawaida yenye kipimo nilichotaja imeruhusiwa kubeba kama kilo 2,100, na waliobuni walikuwa na busara ya kuweka bolti moja ndogo iliyokusudiwa ikatike ya kwanza mtu akizidisha tamaa. Bolti inakatika, chombo kinapona, na mkono pia.

Sasa kwa nini Mulanda? Hii si nchi ya ranchi. Wapadhola wa hapa wana vishamba vya mtama, mihogo, wimbi na mahindi vilivyopakana sako kwa bako, na ng'ombe wengi hufungwa kwa kamba kwenye kigingi mazao yakiwa shambani. Mipaka ya kale ni mnyaa, mkonge, kijia, au kumbukumbu ya mzee fulani. Lakini mtu akishapata ng'ombe mmoja wa maziwa aliyechanganywa damu ya kigeni, hesabu hubadilika. Ng'ombe huyo hastahimili kupe kama zebu wetu wadogo wanavyostahimili, na ndigana kali humbeba kwa siku chache. Tororo inayajua maradhi ya mifugo kuliko miji mingi: shirika la Afrika Mashariki la kutafiti nagana na malale lilikuwa na makao yake hapa. Ua hauzuii mbung'o, bila shaka. Unachozuia ni ng'ombe wa jirani kuingia na kupe wake, na wako kwenda kuwafuata. Ndipo mwenye ng'ombe anauza mbuzi wawili, ananunua roli za seng'enge Busia, na kumwita fundi.

Kazi huanza na nguzo, na nguzo za huku ni mkaratusi. Adui yake ni mchwa, ambaye sisi tunamchukia akiwa ardhini na kumkimbilia na sufuria akitoka na mabawa. Fundi hupaka oili chafu kwenye sehemu itakayozikwa, au huibabua kwa moto. Nguzo ya pembeni anaizika zaidi ya zile za kati na kuiegemeza kwa mti mwingine wa mshazari, kwa sababu ndiyo itakayovutwa usiku na mchana. Waya unafungwa kwenye pembe ya mbali, unafunguliwa toka kwenye roli mpaka pembe ya karibu, kisha jeki inalazwa. Ndiyo, inalazwa: chombo kilichozoea kusimama sasa kinanyooshwa sambamba na waya, ncha yake moja imefungwa mnyororo kwenye nguzo, kichwa kimeuma waya kwa kibano. Mpini unaanza kwenda na kurudi, na waya uliokuwa umelala kwenye majani unainuka wote kwa mkupuo.

Hapo ndipo wakazaji na mafundi wanapoachana. Mkazaji anaendelea kwa kuwa chombo kinamruhusu. Fundi anasimama mapema, anaenda katikati ya ua, anaudonoa waya kati ya miiba kama mpiga litungu anayejaribu uzi, anasikiliza, anarudi kuongeza mlio mmoja au miwili. Ana hesabu nyingine kichwani, ya jua. Waya wa chuma wenye urefu wa mita 100, joto likipanda kwa nyuzi 20, hurefuka kwa kiasi cha milimita 24. Aliyekaza asubuhi ya baridi atauona waya wake umelegea saa nane mchana na kudhani ameibiwa nguvu. Aliyekaza saa nane kwa pupa, usiku unapopoa waya hujifupisha na kuilaza nguzo ya pembeni. Fundi hupenda asubuhi, umande ukikauka, na huacha ulegevu kidogo ambao mwenye shamba asiyejua huulalamikia.

Kisha kuachia. Kwenye ubavu wa kichwa kuna kilimi kidogo. Ukikibonyeza, pini zinageuza utaratibu: badala ya kupanda tundu kwa tundu, zinashuka tundu kwa tundu. Na hapo mpini unabadilika tabia. Wakati wa kukaza ulikuwa unausukuma wewe. Wakati wa kulegeza unasukumwa na mzigo, unataka kuinuka kwa nguvu zake wenyewe, na ukiteleza mikononi hupiga kila kilicho mbele yake. Kidevu, taya, meno ya mbele. Fundi hasimami juu ya mpini. Husimama ubavuni, kichwa nje ya njia yake, mikono miwili, vidole vikavu, na humaliza kila mwendo mpaka mwisho asikie mlio kabla ya kuanza mwingine. Hakuna mwendo wa nusu. Wala hakiachi kilimi kimegeuzwa akaenda kunywa maji.

Jambo ambalo limenifanya niwapende mafundi hawa ni namna wanavyoutumia ule muda wa kulegeza. Waya umezungushwa kwenye nguzo na kupigwa misumari ya U, jeki bado imeushika. Fundi anarudisha milio miwili tu, anasimama. Anaitazama nguzo. Anarudisha mmoja, anaweka kiganja kwenye ule mti wa mshazari. Mzigo unahama kidogo kidogo kutoka kwenye chuma kwenda kwenye mti na udongo, na kama nguzo ilizikwa vibaya, inaungama wakati huo, jeki ikiwa ingali pale na waya ukiwa ungali unarekebishika. Mwenye haraka huachia yote kwa mara moja, akapokea hela yake, na nguzo ikainama baada ya mvua ya kwanza. Waya ukikatika katika pupa hiyo hujikunja kurudi ulikotoka na miiba yake yote, na hauchagui nani yuko njiani.

Kuinua kuna sifa zake pia. Kwenye nyumba za udongo za huku mchwa hula nguzo ya kona kuanzia chini, na paa hushuka upande mmoja. Zamani ungekusanya vijana wa kijiji, mmoja akapiga kelele, wote wakasukuma kwa mabega, mwingine akachomeka nguzo mpya akiombea vidole vyake. Jeki ndefu hufanya hivyo na watu wawili. Ubao mpana unawekwa chini ya kile kikanyagio, maana bila ubao kitazama kwenye tope kabla paa halijasogea. Pua inawekwa chini ya boriti, mpini unaanza. Sentimita kumi zinatosha. Nguzo ya zamani inatolewa, tundu linasafishwa, mpya inaingia, halafu boriti inashushwa, tena kwa ile adabu ya tundu kwa tundu, mpaka ikae yenyewe. Utingo wa malori barabara ya Busia wanaijua kazi hiyo kwa upande wao, gurudumu la nyuma likizama ukingoni mwa lami.

Kanuni ya kutopoteza kilichopatikana utaikuta pia kwenye visima vya pampu ya mkono, ile iitwayo U2, iliyosambaa Uganda nzima. Mabomba yake ya chuma huvutwa juu kipande kwa kipande, kila kimoja mita 3, na mafundi wa visima wana kibano kinachoshika bomba wakati mikono inahama. Kibano kikiachia, bomba lote linarudi kisimani. Nimewaona wanawake wenye madumu wakikitazama kibano hicho kwa makini kuliko wanavyomtazama fundi.

Nisiisifu kupita kiasi. Jeki ndefu ina kikomo, nacho ni urefu wa mti wake: kichwa kikifika mwisho na waya bado umelegea, ni lazima kuushika kwa kibano cha pili, kurudisha kichwa mwanzo, na kuanza upya. Winchi ya mkono ya Wafaransa iitwayo Tirfor haina tabu hiyo, kwa kuwa kamba yake ya chuma hupita katikati ya mashine ikatokea upande wa pili, na kwa kuvuta mbali siwezi kudai jeki inaifikia. Tena jeki haina msimamo, gari lililoinuliwa juu nayo huyumba, na anayeingia chini ya gari hilo bila kuweka magogo ameamua mwenyewe. Siku hizi kuna nakala za bei nafuu zenye matundu yaliyotobolewa vibaya na springi zinazochoka mapema. Fundi anayejiheshimu huingiza pini tundu kwa tundu hadi juu dukani kabla ya kufungua pochi, na mwenye duka akikasirika, fundi huenda duka la pili.

Kwa upande mwingine haidai mengi. Januari 2022, madereva wa malori walipogoma kwa sababu ya vipimo vya Korona na foleni ya mpakani Malaba ikanyooka maili nyingi ndani ya Kenya, petroli ilipanda Uganda mpaka watu wakaacha pikipiki nyumbani. Jeki haikuwa na habari. Inataka tone la oili nyepesi kwenye pini, maji ya kuosha tope, na mpini ufungwe kwenye mti wake kazi ikiisha. Grisi haitaki kabisa. Wageni huipaka wakidhani wanaitunza, na vumbi la kiangazi likishakutana na grisi hiyo pini haziingii tena.

Kuhusu kufundisha, kuna ugumu ambao mafundi wa hapa wameutatua kwa njia yao. Kupanda, mwanagenzi hujifunza kwa jeki tupu chini ya mwembe. Kushuka haiwezekani, kwa kuwa jeki isiyo na mzigo, ukigeuza kilimi, kichwa huporomoka chote hadi chini; zile pini hushuka tundu kwa tundu pale tu zinapolemewa, na uzito wa mtu mmoja ndio kama kiwango cha chini. Kwa hiyo fundi hujaza mawe kwenye mkokoteni wa ng'ombe, huweka magogo chini ya ekseli endapo mkono utateleza, na kumwambia kijana ainue kona moja kisha aishushe. Yeye hukaa upande wa pili, mgongo umemwelekea kijana, akinywa chai. Hatazami. Anahesabu milio, na ukipungua mmoja anamwambia apandishe, aanze tena toka juu.