Shanga za Mkurugenzi Ton

Bosi mbaya ni rahisi kumchora. Mpe sauti kubwa na meza kubwa, basi. Kigumu ni kumchora bosi aliyeachwa nyuma na wakati naye hana habari, anayewaumiza walio chini yake huku akiamini kwamba anawafunda kazi. Katika Aggretsuko, katuni ya Kijapani ambayo ofisi yake nzima ni wanyama, Rarecho, mwandishi na mwongozaji wake, alimjenga bosi huyo pole pole kwa umbo la nguruwe, na nguruwe huyo naona ndiye kazi bora kuliko zote za katuni hiyo.

Anaitwa Mkurugenzi Ton, mkuu wa idara ya uhasibu katika kampuni ya biashara jijini Tokyo. Saa za kazi anafanya mazoezi ya gofu pale pale ofisini. Anamwagiza Retsuko, panda mwekundu mwenye miaka 25, amletee chai, kisha anamrundikia makaratasi siku inapokwisha. Retsuko hujibu kwa adabu, halafu jioni huenda kwenye chumba cha karaoke kunguruma muziki mzito wa metali. Mngurumo huo ni sauti ya Rarecho mwenyewe.

Hadi hapo Ton ni dhalimu wa kawaida. Lakini mpe shanga za kuhesabia, soroban ya Kijapani, uone. Vidole vile vinene vinakwenda bila kusita. Mhasibu hodari huyu! Ustadi wake ni wa kweli, ila dunia iliyoutukuza imeshahamia kwenye kompyuta. Tangu mtazamaji alijue hilo, kila kelele ya Ton inasikika tofauti. Hasamehewi, kwa maana Retsuko bado anaumia, lakini anaeleweka. Kumfikisha mtazamaji hapo bila hotuba hata moja kunataka subira kubwa ya mwandishi.

Subira hiyo ilianzia mahali padogo. Sanrio, kampuni iliyotuletea Hello Kitty, ilianza kumwonyesha Retsuko kwenye televisheni ya Japani mwaka 2016, kwa vipande vya dakika moja moja. Mwaka 2018 Netflix ikamchukua, na hadithi ikaendelea hadi msimu wa tano, mwaka 2023. Dakika moja haina nafasi ya mstari wa ziada, na nidhamu hiyo imebaki katika michoro: nyuso bapa, macho madogo, nyusi inayopanda kidogo tu na hasira yote imeshasemwa.

Uchaguzi wa wanyama nao umefanywa kwa jicho kali. Washimi, katibu muhtasi wa rais wa kampuni, ni karani tamba, mwenye shingo iliyonyooka na mwendo wa madaha. Haida ni fisi. Sisi tuliokulia kwenye ngano za fisi mlafi anayenaswa kwa tamaa yake tunamtazama kwa mshangao: mhasibu mwenye haya, anayempenda Retsuko na kushindwa kutamka.

Kisha msimu wa nne unamleta Himuro, rais mpya, mwenye sauti ya upole, anayetaka tija na hana haja na mtu wa shanga. Bila kulazimishwa na yeyote, mtazamaji aliyemchukia Ton kwa misimu mitatu anajikuta yuko upande wake.