Mbao, Kitambaa na Injini Mbili

Edward Hillman alikuwa mtu wa mabasi huko Essex, Uingereza, kabla ya kuanza biashara ya ndege. Alianza na Fox Moth, ndege ndogo ya injini moja: abiria watatu au wanne hujibana ndani, rubani akikaa nyuma yao, kichwa nje, upepo ukimpiga usoni. Mwaka 1932 Hillman alitaka kufika Paris. Alihitaji ndege ya injini mbili, ibebe watu zaidi, na nauli yake isimshinde mtu wa kawaida.

Haja hiyo ilifika kiwanda cha de Havilland, Stag Lane, pembezoni mwa London, mikononi mwa msanifu Arthur Hagg. Hagg hakuanza upya. Injini ya Fox Moth, Gipsy Major ya nguvu za farasi 130, alikwisha kuijua tabia yake; akachukua mbili, akafunga moja kila upande. Rubani akamhamishia mbele, ndani, peke yake puani mwa ndege. Novemba mwaka huohuo ndege hiyo mpya, Dragon, ikaruka.

Isogelee uone ilivyojengwa. Bodi yake ni sanduku la plaiwudi, na fito za msprusi zinazolikaza zimegundishwa upande wa nje. Kwa hiyo ndani ukuta ni laini, nafasi yote ni ya abiria. Juu ya fito hizo huvutwa kitambaa, kisha hupakwa vanishi maalumu, mkono baada ya mkono. Kila ikikauka, kitambaa hujikaza. Kikiwa tayari, ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma.

Mabawa nayo yana hekima yake. Bawa la juu na la chini, yakiunganishwa kwa nguzo na nyaya zilizokazwa mshazari, hushikana kama daraja: mbao nyembamba zinabeba mzigo ambao zikiwa peke yake zingevunjika. Na kwa kuwa mabanda ya ndege yalikuwa madogo, sehemu ya mabawa iliyo nje ya injini iliweza kukunjwa kwa nyuma.

Aprili 1933 Hillman alianza safari za Paris, abiria sita kwa ndege. Mei 1936 Dragon iliyoitwa Iolar, yaani Tai, iliondoka Dublin kwenda Bristol na abiria watano. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya Aer Lingus.

Mwaka 1934 akaja mdogo wa Dragon, Dragon Rapide, mwenye injini za nguvu za farasi 200 na mabawa yaliyochongoka nchani. Huyo tulimwona hata huku kwetu: alitumiwa na Wilson Airways ya Nairobi, kampuni ya Florence Kerr Wilson, ambaye jina lake limebaki kwenye Uwanja wa Wilson.

Naipenda kazi hii kwa sababu Hagg alijua kinachotosha. Hakuongeza kitu kwa ajili ya kujionyesha, na alichokiacha hakikupungukia abiria. Rapide kadhaa bado zinabeba watu angani Uingereza. Moja ikihitaji matengenezo, fundi hukata kitambaa, hukagua mbao, kisha huchukua randa, gundi na sindano, kama walivyofanya wenzake wa Stag Lane.